Sauti Nyuma ya Cherehani

Mwizi aliacha kinanda cha umeme, akaacha spika, akaacha hata simu iliyokuwa ikichajiwa. Alichukua diski iliyokuwa ndani ya kompyuta tu, kisha akarudishia mfuniko na skrubu zake zote nne.

"Mwizi mwenye adabu," alisema Inspekta, akipiga magoti sakafuni.

Mlalamikaji hakucheka. Alikuwa kijana wa kuvaa nyeusi tii, jua liwake lisiwake, hata mtaa ukambatiza jina la Popo. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na wimbo wake mpya, wa vinanda vizito na majonzi, alioutengeneza peke yake chumbani humo mwaka mzima. Ulikuwa utoke Jumamosi.

"Nakala nyingine?"

"Sina, afande. Kuna kionjo tu nilichokirusha mtandaoni juzi."

"Mlango haukuvunjwa. Ufunguo anao nani?"

"Mimi na dada. Lakini dada hawezi. Ndiye aliyenilea."

Inspekta alipitisha kidole kwenye skrubu. Kikatoka na mafuta mepesi yasiyo na rangi. Akayanusa, kisha akataka kusikia hicho kionjo.

Mapigo yake yalikuwa makavu, ya haraka. Juu yake ilielea sauti ya mwanamke iliyotiwa mwangwi: "Mama, nilikusikia ukiita. Nikajifanya nimelala."

"Hayo mapigo ni cherehani?"

"Ya dada. Aliniruhusu niirekodi."

"Na huyo mwanamke?"

Popo aliangalia viatu vyake. "Nimemtoa mtandaoni."

Inspekta alikuwa amesikiliza waongo kwa miaka kumi na tisa. Huyu hakumpa hata kazi.

Chumba cha mbele, dada mtu alikuwa akishona sare za shule. Kando ya cherehani palikuwa na kichupa cha mafuta na bisibisi fupi. Hakungoja swali.

"Ni mimi, afande."

Alichukua wembe, akafumua mto aliokuwa ameukalia, akatoa diski.

"Kwa nini?"

"Mteja alikuja kupimwa gauni, akanisikilizisha kionjo cha huo wimbo kwenye simu. Akaniuliza, huyu analia nini? Nikamwambia sijui." Alifuta diski kwa kanga yake. "Mama alikuwa anaomba maji. Nilikuwa nimechoka kuuguza. Asubuhi nikamkuta ameshakata roho. Miaka sita sijamwambia mtu. Huwa nasema na mama nikishona, nikidhani kelele za cherehani zinanifunika. Jumamosi ningeuficha wapi uso wangu?"

"Mbona hukuitupa?"

"Ningeitupaje? Ni kazi ya mdogo wangu."

Inspekta alimgeukia Popo, ambaye uso ulikuwa umemsawijika. "Ulijua ni sauti ya nani."

"Mwache, afande," dada alidakia. "Sauti aliijua, ila maneno hakuyaelewa."

"Niliyaelewa, dada." Popo alishindwa kumtazama. "Nilikusikia unalia. Kesho yake nikaja kuisogeza maikrofoni karibu yako."