Foleni ya Mawe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Deodata wa darasa la sita alichota maji, akafagia uwanja, kisha akamwandalia uji bibi yake, Anjelika. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba bibi huyo macho yote mawili.

Jumanne moja aliomba ruhusa shuleni. Alfajiri yeye na Bibi walipanda bodaboda kutoka Murukulazo hadi hospitali moja ya serikali. Daktari wa macho alikuja mara moja kila miezi mitatu, kwa siku mbili tu: ya kwanza kupima, ya pili kupasua. Asiyepimwa siku hiyo ya kwanza kabla ya saa kumi angesubiri miezi mitatu mingine.

Wagonjwa walikuwa na desturi yao. Kila mmoja aliweka jiwe kando ya ukuta kushika nafasi yake, kisha akaenda kukaa kivulini. Jiwe la Bibi lilikuwa la arobaini na moja. Nyuma yake Deodata akaongeza matatu, ya majirani waliosema wangekuja wakipata nafasi. Alijiona mjanja kweli.

Muuguzi Laurian alikuwa akiuliza mwenye kila jiwe. Asipojitokeza, watu walisema, "Subiri kidogo, labda yuko chooni." Basi wakasubiri. Hadi saa saba, walikuwa wamefika jiwe la kumi na tisa tu.

"Mjukuu wangu, tutafikiwa kweli?" Bibi aliuliza.

"Tutafikiwa, Bibi," alijibu Deodata, ingawa hakuamini. Akanung'unika, "Watu gani hawa wanaowawekea nafasi waliobaki nyumbani?"

Mara akayaona mawe yake matatu. Aibu ikamshika. Nyuma ya mawe hayo, Mzee Rogasian kutoka Bugarama alikuwa ameshachukua fimbo yake, amekata tamaa, anaondoka.

Deodata akasimama. "Shikamoo, Muuguzi. Mawe haya matatu niliweka mimi. Wenyewe hawapo. Naomba niyaondoe. Na wewe babu, usiondoke."

Mama mmoja akainuka, akaokota mawili aliyowawekea wasiokuwepo, huku akicheka kwa haya. Mwingine akafuata, na mwingine. Ukuta ukabaki na mawe machache.

"Marahaba, mwanangu," alisema Laurian akicheka. "Kumbe kutwa nzima nahudumia mawe!"

Akawagawia waliokuwepo karatasi zenye namba. Saa tisa Bibi alipimwa, na Mzee Rogasian baada yake. Kesho yake wote wawili walipasuliwa jicho moja moja.

Bandeji ilipofunguliwa, Bibi alimkodolea macho mjukuu wake. "Deodata, umerefuka hivi na hukuniambia?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Deodata alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Laurian akamshika bega. "Foleni tuliirefusha wenyewe," alisema. "Ukimwekea nafasi asiyekuwepo, unamnyima aliyepo. Wewe ulisema kweli mbele za watu, ndiyo maana leo bibi yako anakuona."