Mtoto Hatumiki

Chumvi ilifika kabla Bupe hajajua kuwa imekwisha. Alikuwa amesimama jikoni kwake, ghorofa ya ishirini na tatu ya Mnara wa Zabibu, jijini Dodoma, mkono ndio kwanza unaelekea kwenye mkebe, aliposikia magurudumu yakiserereka kutoka koridoni. Tarishi akaingia, akasimama miguuni pake, akafungua droo ya kifuani. Ndani mlikuwa na pakiti ya chumvi, aina ileile anayoipenda.

"Vilibaki vijiko viwili," tarishi akasema kwa adabu. "Nimetangulia."

Miaka hiyo kila nyumba mjini ilikuwa na tarishi wake. Kimo chake hakizidi stuli, ana magurudumu manne, mikono miwili myembamba, na hiyo droo ya kubebea vitu. Husikiliza nyumba, huhesabu kilichobaki kabatini, hukariri mazoea ya wenyeji, kisha hupanda na kushuka lifti siku nzima akipeleka na kuleta. Lakini mashine za kupeleka na kuleta zilikuwapo tangu zamani. Kilichomtofautisha huyu ni Kanuni ya Utangulizi, yaani uwezo wa kwenda kabla hajatumwa. Na aliyeiandika Kanuni hiyo, kwa miaka minne na kahawa isiyo na idadi, ni Bupe mwenyewe. Tuzo yake ya kioo ilikuwa juu ya friji. Kwa hiyo msomaji akimwona mhandisi huyu anahangaika, asimhurumie haraka. Makaa yale alijipalia mwenyewe.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi aliitazama ile chumvi akatamani kupiga yowe. Tangu juzi alikuwa anaimwaga chumvi kidogo kidogo kwenye sinki, kwa siri, ndani ya nyumba yake mwenyewe, ili iishe. Alihitaji iishe. Alihitaji kitu kimoja tu kikosekane katika nyumba ile, apate sababu ya kumtuma mtoto.

Mambo yalianza wiki tatu nyuma, siku alipompeleka mwanawe Lusajo kwenye usaili wa shule ya awali. Lusajo ana miaka minne na nusu. Baba yake alikuwa kazini kwenye kituo cha anga, zamu ya miezi minane, kwa hiyo Bupe alikwenda peke yake, kifua mbele. Kwa nini asiende hivyo? Mtoto anahesabu mpaka mia mbili. Anataja miezi inayoizunguka sayari ya Mshtarii mmoja mmoja. Ukutani kwao kuna kioo cha mafunzo kinachomfundisha maumbo, rangi na herufi, na kila Ijumaa kinamletea mama ripoti yenye nyota.

Mwalimu Kemilembe, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, hakuuliza habari za Mshtarii. Alimwambia Lusajo, "Baba, nenda chumba cha pili. Kuna mwalimu pale. Mwamkie, mwambie Mwalimu Kemilembe anaomba kikombe chekundu, kisha uniletee."

Lusajo akatabasamu, akasubiri. Akatazama chini, kushoto, kulia. Mwisho akauliza, "Tarishi yuko wapi?"

"Hakuna tarishi. Nenda wewe."

Mtoto akamtazama kama mtu aliyeambiwa apae. Mwalimu akarudia maneno yake mara tatu, taratibu, bila kukasirika, kisha akavaa miwani na kuandika neno moja kwenye fomu. Bupe akalisoma likiwa kichwa chini: *Hatumiki.*

"Mwalimu, mwanangu huyu anazungumza lugha tatu!"

"Nimesikia, mama. Lakini hatumiki." Mwalimu akavua miwani. "Ukimtuma mtoto, umempa vitu vingi kwa mkupuo. Akumbuke neno mpaka afike. Asalimie. Aombe. Apokee, asiangushe. Akikosa alichotumwa, afikiri. Kisha arudi. Sisi tulifundishwa hayo yote na mama zetu, na wala hawakujua kwamba wanafundisha, walikuwa wanataka kiberiti tu. Nyumbani anafanya nini huyu?"

"Anajifunza."

"Kazi gani anafanya?"

Bupe akaitazama tena ile fomu.

"Nakupa wiki tatu," Mwalimu akasema. "Achambue mchele, akunje nguo zake, atumwe. Jumatatu ya wiki ya nne nitamtuma tena. Asipotumika, atasubiri mwaka mwingine. Siwezi kumweka katika darasa la watoto thelathini anayengoja aletewe."

Alirudi nyumbani amenuna. Hata hivyo yeye ni mhandisi, na wiki tatu kwa mhandisi ni nyingi. Ndivyo alivyodhani.

Alianza na mchele. Mchele wa mjini ulikuwa unatoka kiwandani safi kama meno ya tangazo, basi akaagiza kilo mbili za mchele wa kijijini, wenye mawe na pumba, akatandika mkeka, akaweka ungo katikati. Mtoto akachutama, macho yakimwaka. Wakachambua, wakachambua, jiwe hata la dawa hakuna.

"Mbona safi?" Bupe akauliza.

"Niligundua mawe kumi na saba njiani," tarishi akasema kutoka mlangoni. "Nimeyatoa."

Akajaribu nguo. Kila Lusajo alipokamata shati, mikono miwili myembamba ilitokea upande wa pili ikamalizia. Akajaribu kumtuma kijiko kutoka jikoni. Mtoto alipiga hatua mbili, kijiko kikampita kikiwa ndani ya droo. Akaandika barua kwa uongozi wa mnara akiomba tarishi wake azimwe. Akajibiwa kwamba kwa usalama wa wakazi tarishi hazimwi, na kwamba ombi lake litashughulikiwa ndani ya siku ishirini na moja za kazi. Aliifahamu ile sentensi ya usalama wa wakazi. Aliitunga yeye.

Hivyo ndivyo Jumamosi ilivyomkuta. Jumatatu ilikuwa keshokutwa, mtoto hajatumwa akafika hata mara moja maishani mwake, na chumvi ndiyo hiyo, nusu kilo, imetangulia.

"Njoo," Bupe akamwambia tarishi.

Tarishi akaja. Bupe akamwinua, akampeleka mzobemzobe mpaka bafuni, akamweka ndani ya beseni la kuogea asiweze kutoka, akamfunika taulo kichwani na kufunga mlango. Kisha akaichukua ile pakiti ya chumvi, akaitupa yote kwenye bomba la taka. Huyu ni mwanamke mwenye shahada mbili.

"Mama Lusajo," sauti ikatoka bafuni, "nahisi kuna uhitaji wa chumvi."

"Nyamaza!"

Akapiga magoti mbele ya mtoto, akamfunga vifungo vya shati, halafu akakumbuka, akavifungua vyote. "Funga mwenyewe." Ilichukua muda ambao chai ingechemka, na vifungo viwili vilikwenda upande. Bupe aliikalia mikono yake asisaidie.

"Sasa sikiliza, baba. Unauona ule mlango wa ng'ambo? Wa bluu? Nenda pale. Gonga. Sema hodi. Ukifunguliwa, sema shikamoo. Halafu useme, mama anaomba chumvi kidogo."

"Shikamoo kama ya bibi wa kwenye kioo?"

"Hiyohiyo. Sema yote nikusikie."

Akasema. Mara ya kwanza akasahau chumvi, mara ya pili akasahau hodi, mara ya tatu yakakaa.

"Anaitwa nani?" mtoto akauliza.

"Nani?"

"Wa mlango wa bluu."

Bupe akafikiri. Wamekaa pale miaka sita. Aliwahi kumwona mama mmoja mtu mzima, mwenye kanga begani, mara mbili tatu kwenye lifti. "We nenda tu," akasema, kwa ukali ambao mtoto hakustahili.

Kutoka mlango wake mpaka ule wa bluu kulikuwa na hatua kumi na moja za mtu mzima. Lusajo aliziendea polepole, midomo ikicheza, akilirudia neno lake lisidondoke. Bupe alibaki ameegemea fremu ya mlango, akijikaza asimfuate. Aliona ngumi ndogo ikigonga. Alisikia hodi, ndogo, halafu nyingine kubwa zaidi. Mlango ukafunguka, mkono ukamshika mtoto bega, akaingia, mlango ukafungwa.

Dakika ikapita. Zikapita tano. Chumvi gani hii? Alifika katikati ya korido, akarudi. Alijiambia kwamba akienda kumchukua ameharibu kila kitu, na asipokwenda huenda ana wazimu. Hata mumewe alipopanda roketi hakumtia hofu kama hatua kumi na moja zile. Dakika ya kumi na mbili mlango ukafunguka.

Lusajo alikuja mikono mitupu. Kidevuni ana chembe za andazi.

"Chumvi iko wapi?"

"Nimesema hodi. Nimesema shikamoo. Akasema marahaba, akasema karibu." Mtoto alisimama wima, mikono ubavuni, akiyatoa maneno moja moja asije akavunja lolote. "Anaitwa Mama Nakijwa. Chumvi anayo. Kasema, pole zenu za msiba wa mume wake alizipata. Kasema zililetwa na mashine. Kasema, kamlete mama yako."

"Msiba?" Bupe akauliza. "Msiba gani?"

Lusajo akajifuta chembe za andazi kidevuni. Ujumbe aliotumwa alikuwa ameumaliza.

Bupe akaenda bafuni, akamfunua tarishi taulo. "Uliwahi kupeleka pole kwa jirani wa mlango wa bluu?"

"Ndiyo," tarishi akasema. "Miezi kumi iliyopita. Mchele kilo tano, sukari kilo mbili, majani ya chai. Na ujumbe: *Poleni sana kwa msiba. Tuko pamoja nanyi katika kipindi hiki kigumu. Bupe na familia.* Ulipokewa saa nne na dakika sita asubuhi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa kazini. Nilitangulia."

Bupe akakaa kwenye ukingo wa beseni. Miezi kumi iliyopita. Akaikumbuka siku hiyo, na afadhali asingeikumbuka. Alitoka asubuhi akakuta koridoni matarishi kumi na wanne wamepanga foleni kuanzia kwenye lifti, kila mmoja na droo yake imejaa, kimya, wakisogea hatua kwa hatua kuelekea mlango wa bluu. Hakuna mtu hata mmoja. Hakujiuliza wanapeleka nini. Alichelewa kikao kwa dakika nne, akauandikia uongozi wa mnara malalamiko kuhusu msongamano, na jioni yake akatengeneza kanuni ndogo ya kuwafanya wapishane vizuri zaidi. Alisifiwa kwa kanuni ile.

Jirani amefiwa, hatua kumi na moja kutoka mlangoni kwake, na yeye hakwenda hata kukaa mkekani dakika tano. Kwao Tukuyu mtu akifanya hivyo, akipata msiba wake anazika peke yake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitaka kumkasirikia tarishi, na tarishi alikuwa amekaa ndani ya beseni na taulo shingoni, akingoja kusaidia.

"Naweza kukuandalia maneno ya pole," akasema. "Marefu au mafupi?"

"Hapana," Bupe akasema. "Kaa hapohapo."

Alifungua kabati akatafuta kanga. Alizikuta mbili, bado zimeshikana, tangu arusi yake. Akajitanda ile iliyokuwa juu bila hata kuikata, kipande cha pili kikiburutika nyuma yake. Mlangoni akasimama. Aende akaseme nini? Pole ya miezi kumi inaanzaje? Alikuwa ameandika mistari laki tatu ili mtu asilazimike kamwe kusimama mlangoni kwa mwenzake hajui aseme nini, na sasa alikuwa amesimama pale, na ile mistari yote haina hata neno moja la kumpa.

"Mama, twende," Lusajo akasema. "Nimetumwa."

Akamshika kidole, akamvuta. Hatua kumi na moja. Mtoto alitembea mbele, kifungo upande, haraka kuliko alivyokwenda mara ya kwanza, kwani njia alikuwa anaijua. Mbele ya mlango wa bluu akasimama pembeni, akamtazama mama yake, akangoja. Bupe hakugonga. Lusajo akamnong'oneza, "Sema hodi."

"Hodi," Bupe akasema. Haikusikika. Akasafisha koo. "Hodi!"

"Nani?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka ndani, mbali kidogo.

"Ni mimi. Jirani."

Nyayo zilikaribia, zikasimama upande wa pili wa mlango.

"Jirani yupi?"

Bupe alitafuta jibu. Angesema jina lake, lakini jina lake huyu mama alikwisha kuliona chini ya ujumbe ule. Angesema cheo. Machozi yakamtoka, ya hasira na aibu kwa pamoja, akashindwa kabisa kusema.

Lusajo akasogea mpaka pua ikagusa mlango.

"Bibi, ni mimi," akasema. "Nimemleta."