Kompyuta Si Geti

Katika nyumba ya mchora mabango, kitu kipya hakivuliwi nguo. Makochi yalikuwa bado na nailoni, ukikaa yanalia, ukiinuka yanakung'ang'ania. Rimoti ya televisheni ilikaa ndani ya mfuko wake. Hata saa ya ukutani ilikuwa bado na karatasi laini juu ya kioo, ikabidi uisogelee ndipo ujue ni saa ngapi. Majirani walimwita Baba Nailoni, na yeye hakuchukia.

"Kitu ni kutunza," alikuwa akisema.

"Ingekuwa amri yake," mkewe aliwaambia wageni, "hata mimi ningekuwa bado ndani ya boksi."

Baba Nailoni aliandika mabango kwa brashi: majina ya maduka, ya saluni, ya gereji. Herufi zake zilisimama wima bila kutumia rula. Lakini wateja walianza kutaka mabango ya kuchapishwa, yenye picha. Akaamua kuunda kompyuta ya kuchorea. Akanunua vipande kimoja kimoja mpaka vikatimia.

Nyumba ya pili aliishi mwanamke aliyefundisha kompyuta katika chuo cha ufundi. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alipoona maboksi yanaingia, alikuja mwenyewe.

"Nikusaidie kuviunganisha?"

"Asante, Mwalimu. Macho ninayo, mikono ninayo. Itanishinda nini?"

Aliyemsaidia ni shemeji yake, mdogo wa mkewe. Huyu alikuwa mchomeleaji wa mageti, mtu mzima mpole, asiyesema sana. Walifungua kijitabu cha maelezo, wakafuata picha moja baada ya nyingine. Shemeji ndiye aliyepachika ramu, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu. Ndiye aliyekaza kadi ya picha kwa bisibisi. Baba Nailoni alijiwekea kazi ya mwisho, kuchomeka nyaya za nyuma. Alitaka aseme kwamba aliimaliza yeye.

Wakati wa kuwasha, aliita majirani. Walijaa sebuleni, nailoni ikalia kila upande. Mkewe akaleta chai.

"Angalieni sasa!" alisema Baba Nailoni, akabonyeza swichi.

Feni zilizunguka. Taa ndogo ziliwaka. Kwenye skrini yalitokea maneno machache ya kusema hakuna picha inayofika. Kisha skrini ikawa nyeusi.

Alizima, akawasha tena. Nyeusi. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akasema, "Labda inapiga usingizi," na watu wakacheka.

Baba Nailoni alihisi masikio yanawaka moto. Kichwa kikatafuta pa kuutua mzigo ule, kikampata shemeji.

"Wewe!" alisema. "Wewe ndiye uliyeshika ramu. Mkono wako mzito, umezoea kupiga nyundo. Kompyuta si geti!"

Watu walicheka zaidi. Shemeji aliweka bisibisi mezani polepole. Aliaga kwa kichwa, akatoka, na chai yake ikabaki bila kuguswa.

Majirani walipokwisha kuondoka, mkewe alikusanya vikombe kwa kelele.

"Ndugu yangu umemfanya kichekesho mbele za watu."

"Kwani nimesema uongo? Mashine si imekufa?"

Mkewe akabeba vikombe, akaenda jikoni. Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno ni hivyo hivyo.

Siku zikapita. Baba Nailoni alifungua boksi la kompyuta mara nyingi, akachungulia kwa tochi, akaogopa kugusa, akalifunga. Wateja walipomuuliza habari za mashine, aliwaambia eti anasubiri programu. Kumwita Mwalimu aliona haya. Angemtazama vipi baada ya majigambo yale?

"Mficha uchi hazai," mkewe alimwambia mwishowe. "Wewe ukiona haya, mimi sioni. Nakwenda kumwita."

Akaenda kweli, akampitisha Mwalimu mlangoni, kisha yeye mwenyewe akaelekea sokoni.

Mwalimu hakutaja ya nyuma. Aliketi, akauliza kama daktari anavyouliza.

"Feni zinazunguka?"

"Zinazunguka."

"Skrini yenyewe, ukiiwasha, inaandika chochote?"

"Inasema hakuna picha, halafu inalala."

"Basi skrini ni nzima. Inangoja picha, picha haifiki. Tuifuate njia yake. Na tuanzie nje. Watu wakiona giza hukimbilia kufungua boksi, na kumbe makosa mengi yako nje, mahali ambapo huwezi kuvunja kitu."

Aligeuza boksi. Akainama, akatazama nyuma kwa muda.

"Waya huu wa skrini alichomeka nani?"

"Mimi," alisema Baba Nailoni.

"Kwa nini uliuweka hapa juu?"

"Tundu hilo ndilo lililokuwa wazi. Yale ya chini yana vifuniko."

Mwalimu alivitazama vile vifuniko vyeusi vya plastiki. Kisha akalitazama kochi. Kisha akaitazama rimoti ndani ya mfuko wake. Akauma mdomo asicheke.

"Baba, hivi vifuniko ni vya kuzuia vumbi tu mpaka kadi ifike kwako. Ni vya kutoa."

"Vya kutoa?"

"Vya kutoa. Sikiliza. Tundu hili la juu ni la bodi kubwa, ile inayobeba vipande vyote. Lingeleta picha kama prosesa yako, ule ubongo wa mashine, ingekuwa na uwezo wa kutengeneza picha. Yako haina. Ndiyo maana ulinunua kadi ya picha. Ukiwa na kadi, waya wa skrini unaingia kwenye kadi. Matundu yake ni haya ya chini, yaliyojipanga kwa ulalo."

Alizima kompyuta. Akavuta kifuniko kimoja kwa kucha, kikatoka bila ubishi. Akahamisha waya.

"Washa."

Baba Nailoni alibonyeza. Skrini ilimeta, maandishi meupe yakapanda, picha ikajaa. Alitakiwa afurahi. Badala yake alikaa chini, nailoni ikalia, na yeye akaona kama kochi linamzomea.

"Na kama ingebaki giza?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tungezima na kuchomoa umeme ukutani. Tungegusa chuma cha boksi, kutoa umeme wa mwilini usije ukaunguza kitu. Tungetazama kama kadi imepata waya wake wa umeme. Tungezitoa ramu na kuzirudisha mpaka zilie 'ka!'. Lakini kimoja kimoja, na kila kimoja unajaribu. Ukigusa vitu vitano kwa pamoja, hutajua kosa lilikuwa lipi."

Alifungua ubavu wa boksi, akamulika ndani kwa tochi.

"Ramu amezipachika nani?"

"Shemeji yangu."

"Zimekaa sawasawa. Kadi nayo imekazwa vizuri, umeme wake umeingia. Mtu huyu ana mkono mzuri."

Uso umeumbwa na haya, na wa Baba Nailoni siku ile ulikuwa umejaa mpaka shingoni.

"Mwalimu," alisema, "mke wangu nitamwambia nini?"

Mwalimu alikusanya vitu vyake. "Hilo halimo ndani ya kompyuta," alisema, akaenda zake.

Mkewe alirudi, akaona skrini inawaka. Akaweka kikapu chini.

"Imepona! Ilikuwa nini?"

Ukweli ulifika mpaka kwenye meno, ukarudi.

"Kitu kidogo tu," alisema. "Hakikukaa mahali pake."

Furaha ikamtoka mkewe usoni.

"Basi ni kweli alikuwa yeye," alisema. "Nisamehe, mume wangu. Nimekununia bure siku zote hizi. Na umsamehe na ndugu yangu, hakukusudia."

Baba Nailoni aliitikia kwa kichwa. Kitendo hicho kidogo kilimuumiza kuliko yote. Chakula kilipokuja alikisukuma pembeni. Kumkosea shemeji kulimtosha, na sasa alikuwa amepokea radhi za mke ambaye hakukosa kitu.

Asubuhi alikwenda mahali shemeji anapochomelea. Palikuwa na kelele za kukata chuma na cheche zinaruka. Kijana wa zamu alimwona, akageuka na kupaza sauti:

"Mkono Mzito! Una mgeni!"

Shemeji akainua kinyago cha kuchomelea. Baba Nailoni akasimama pale pale. Kumbe neno lake lilikuwa limemtangulia kazini, likawa jina la mtu.

"Zimeni mashine, tafadhali," aliwaambia wachomeleaji. "Nataka msikie wote."

Mashine zikanyamaza.

"Shemeji, kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyechomeka waya tundu silo. Ulichofanya wewe kilikuwa sawa, chote. Nilikusingizia mbele za watu. Naona aibu, na naomba radhi."

Shemeji alifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kwa kidole.

"Nilikuwa nimeshaamini kuwa ni mimi," alisema. "Kila siku najiuliza zile ramu nilizikandamiza wapi. Wiki hii fundi mwenzangu aliniomba nimfungulie simu. Nikakataa. Nilisema mimi wa vyuma tu, vidogo naviharibu."

Baba Nailoni alitazama chini. Machozi yalimlenga, na hakuyaficha.

"Nimekusamehe, shemeji," yule mwingine akaendelea. "Dada alisemaje ulipomwambia?"

"Bado sijamwambia."

Shemeji alitikisa kichwa, akatabasamu kidogo. "Umeruka nyumbani ukaja kuanzia huku? Twende basi. Lakini mimi nitangoja nje, hayo ni yenu."

Baba Nailoni alimwambia mkewe yote, pamoja na ile radhi aliyoipokea jana hali si yake. Alitegemea kelele. Mkewe alimtazama tu, na kule kutazamwa kulikuwa kuzito kuliko kelele. Kisha akajifunga kanga, akatoka nje. Alipita mlango kwa mlango, akawaita wale wale waliokuja siku ya kwanza.

Sebule ikajaa. Kompyuta iliwashwa, na safari hii aliyekaa kiti cha mbele ni shemeji. Kwenye skrini kulikuwa na bango la saluni, la kwanza Baba Nailoni kulichora kwa mashine. Majirani wakasifu rangi. Mchoraji mwenyewe aligeuza boksi, akawaonyesha kwa kidole.

"Hapa juu ndipo nilipochomeka mimi. Si mahali pake. Ukiwa na kadi ya picha, waya unaingia hapa chini. Toeni vifuniko, msiwe kama mimi. Skrini ikiwa nyeusi, angalieni waya kwanza. Msianze na mtu."

Jirani mmoja, yule aliyetania kwamba mashine inapiga usingizi, akauliza, "Kwa hiyo fundi wa mageti hakuharibu kitu?"

"Hakuharibu," alisema Baba Nailoni, macho kwenye sakafu. "Mwenye kosa ni mimi."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Rudia," alisema. "Wa nyuma hawakusikia."

Baba Nailoni akainua uso, akarudia, kwa sauti ya kufika barabarani.