Uzi wa Nne wa Iritungu

Kila asubuhi Mokami alikamua ng'ombe, akampelekea mama yake maziwa jikoni, kisha akaoga na kukimbilia shuleni Itiryo. Siku za kwaya alikimbia zaidi, maana yeye ndiye aliyepiga iritungu, kile kinubi cha nyuzi nane alichoachiwa na babu yake.

Wiki hiyo walikuwa wakijifunza wimbo wa kumshukuru Mama Teresia, mpishi wa shule. Alikuwa amewapikia uji tangu wakiwa darasa la kwanza, na Ijumaa angeagwa. Mwalimu Chrispin aliutunga wimbo, akazikaza nyuzi za iritungu yeye mwenyewe, na Boke, rafiki wa Mokami, akachaguliwa kuuanzisha.

Siku ya mazoezi Mokami alifika wa kwanza. Akajaribu uzi mmoja mmoja: do, re, mi... Uzi wa nne ukamshtua. Ulilia juu kuliko fa aliyoizoea kwenye kwaya ya kanisani.

"Umejikaza njiani," akawaza. Akaulegeza kidogo mpaka akaipata fa yake, akaridhika.

Wenzake walipofika, wakaanza. Katikati ya mstari wa kwanza, sauti ya Boke na iritungu zikagombana kama ng'ombe mlangoni mwa zizi. Wakarudia. Zikagombana tena.

"Boke, umemeza chura?" Elia akamtania. Watoto wakaangua kicheko.

"Mura, kijana wewe, niache! Naimba kama Mwalimu alivyonifundisha," Boke akajibu, machozi yakimlengalenga.

Mwalimu Chrispin aliingia wakati huo huo, akiwa amesikia kutoka nje sauti zikigombana. "Pumzika, Boke. Labda sauti imechoka. Ijumaa ataanzisha mwenzako Elieth."

Boke akaketi, akainamisha kichwa. Mokami aliutazama uzi wa nne, akatambua kuwa ndio uliogombana na sauti ya Boke. Akinyamaza, nani atajua? Lakini alipovunjika mkono mwaka jana, Boke ndiye aliyekuwa akimchotea maji mpaka alipopona. Akasimama.

"Samahani, Mwalimu. Boke hana kosa. Mimi nimeulegeza uzi. Nilidhani umeharibika."

Mwalimu hakugomba. Alichukua iritungu, akaukaza uzi tena taratibu. "Na mimi nilipaswa kuwaeleza. Wimbo huu uko katika mpangilio wa noti unaoitwa modi ya Lidia. Ni do, re, mi ileile mnayoijua, ila noti ya nne imepandishwa nusu hatua. Fa iko jirani na mi, inapenda kushuka. Hii tunaiita fi. Imesogea karibu na so, inatamani kupanda. Haya, wote shikeni do, msiiachie."

Kwaya ikavuma do. Mokami akapiga polepole: do, re, mi, fi, so. Alipofika kwenye ile ya nne, akasikia kama mtu amefungua dirisha katika jiko lililojaa moshi.

"Kumbe ndiyo inayouchangamsha wimbo!" akasema.

"Basi chura ni mimi," Elia akamwambia Boke. "Nisamehe, dada."

"Simama, Boke," Mwalimu akasema. "Wimbo ni wako."

Ijumaa Boke aliuanzisha, na ile noti ya nne ikapanda safi juu ya iritungu. Mama Teresia alisikiliza akiwa ameshika mwiko wake, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.

Baadaye Mokami alimfuata jikoni. "Shikamoo, Mama. Asante kwa uji wote. Wimbo wako nilikaribia kuuharibu." Akamsimulia yote.

"Marahaba, mwanangu." Mama Teresia akacheka, akamvuta karibu. "Ulikutana na jambo geni, sivyo? Mtu akionja chakula changu akakuta ladha asiyoijua, namtaka aniulize kwanza nimeweka nini. Asikimbilie kuongeza chumvi. Wewe hukuuliza, na hilo ni kosa. Lakini hukumwachia mwenzako aibu iliyokuwa yako. Kwa hilo, mimi ndiye ninayekushukuru."

Kisha akamjazia kikombe cha uji.