Kosa Ambalo Sikuliandika

Kila siku nikitoka shule nilikuwa na kazi tatu: kuosha vyombo, kufanya mazoezi ya hesabu, na kutawala mji. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya nizimalize hizo mbili mbio mbio, hata sufuria nyingine zikabaki na masizi. Mama alinipachika jina la Meya, na majirani wote wakalidaka. "Meya, maji yamekatika tena, unasemaje?" wangeniuliza, nami nawajibu, "Andikeni barua ofisini kwangu."

Mji wenyewe ulikuwa ndani ya kompyuta ya kaka yangu. Kaka ndiye aliyekuwa akiutengeneza mchezo huo, peke yake, tangu mwaka juzi. Kazi yake ya kujipatia riziki ilikuwa upakiaji katika duka la vifaa vya ujenzi. Kutwa alibeba mifuko ya saruji, na vumbi lake lilikuwa limeshamtia kikohozi kisichosikia dawa. Alfajiri, kabla ya kwenda kazini, alikaa mbele ya kompyuta ile kuukuu akauandika mchezo wake mstari kwa mstari.

Mchezo ulikuwa haujakwisha. Bahari ilikuwa kipande cha kijivu tu, wavuvi hawakuwa na nyuso, na vitufe vingine ungevibonyeza mpaka kidole kiume, wala! Lakini vile vilivyokwisha vilikuwa vitamu jamani. Unalima, unasaga unga, unafyatua matofali, unauza ng'ambo, watu wanahamia kwako, nao wanataka kula. Saa ya mchezo haisimami kukungoja. Ukiinuka kwenda msalani, wao wanaendelea kula. Ukichelewa kurudi, unawakuta wameshaanza kufunga virago.

"Wewe si mchezaji tu," kaka aliniambia siku ya kwanza, akanikabidhi daftari lenye jalada gumu. "Wewe ni mjaribu wangu. Mimi kutwa niko dukani. Ukiona kitu kimekwenda kombo, andika: ulifanya nini, na kikatokea nini. Hata kiwe kidogo vipi. Sawa, Meya?"

"Sawa, kaka."

Na niliandika kweli. Mkokoteni umepita katikati ya ukuta. Mbuzi ametembea juu ya maji. Muuguzi ameingia kisimani, hakutoka. Kaka alisoma, akacheka hadi akakohoa, kisha akarekebisha. Tatizo lilikuwa moja: kila alipobadilisha jambo kubwa, mji wa zamani haukufunguka tena. Unaanza upya na watu kumi na ndoo moja. Nilishapoteza miji mitatu kwa namna hiyo. Wa tatu niliulilia, na kaka akaniambia pole, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Mji wa nne ulinikaa rohoni. Ulifika watu mia tisa. Ulikuwa na bandari, tanuri mbili za matofali, na mtaa niliokuwa nimeupa jina la mama. Basi alasiri moja unga ukaanza kuniishia. Watu wananung'unika, wengine wameshabeba mizigo kichwani. Kwa kuchanganyikiwa nikabonyeza kitufe cha kuvunja ghala, wakati mkokoteni bado unashusha magunia, kisha nikaghairi haraka haraka. Nikatazama hesabu. Magunia arobaini yamekuwa themanini! Nikarudia. Mia moja na sitini.

Ubavuni mwangu alikuwa amekaa rafiki yangu wa darasani, ambaye tulimwita Redio kwa sababu hazimiki.

"Hee! Hilo si kosa hilo?" akasema. "Liandike."

"Nikiliandika atalibadilisha ghala zima, na mji wangu utakufa."

"Lakini si ndiyo kazi uliyopewa?"

"Wee, nawe! Mji ni wangu au wako?"

Redio akabinua midomo. "Haya, mheshimiwa. Yangu macho."

Sikuliandika. Nilijiambia nitaliandika kesho, na kesho ilipofika nikajiambia wiki ijayo. Tangu siku hiyo kilimo nikakiacha kabisa. Nilivunja ghala nikaghairi, nikavunja nikaghairi, na mji ukashiba. Kaka alirudi jioni akauliza, "Leo vipi, Meya?" nami nikajibu bila kupepesa macho, "Shwari." Alifurahi, maskini. Alidhani mchezo wake umeanza kukomaa.

Mwezi uliofuata akaja na barua. Ofisi moja ya watengenezaji wa michezo ya kompyuta ilitaka kuajiri kijana mmoja, na kila mwombaji alitakiwa apeleke kazi yake ionekane. Nafasi ilikuwa hiyo hiyo moja.

"Nikiipata," kaka alimwambia mama, "saruji basi."

Mama alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mashati. Siku hiyo alimpigia kaka pasi shati lake mara mbili, na kola akaipiga mara tatu.

Kaka alitaka twende wote, mimi nicheze mbele ya wakubwa kwa kuwa mikono yangu ilikuwa myepesi kuliko yake. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo asubuhi ile tukivaa viatu, nikaufunga. Nikajipa moyo kwamba hakuna mwenye akili timamu atakayevunja ghala lililojaa.

Tuliingizwa, kompyuta yetu mikononi, katika chumba cheupe chenye meza ndefu. Nyuma yake walikaa watu watatu, mmoja wao mama aliyepandisha miwani juu ya nywele. Nikacheza. Nilijenga daraja, nikapeleka matofali bandarini, nikauza, nikanunua ng'ombe. Mzee mmoja akasema, "Mtoto huyu mtafutieni wizara," wakacheka wote, na kaka akajifuta jasho kwa furaha.

Kisha mama wa miwani akaomba kipanya.

"Mimi nina tabia mbaya," alisema. "Nikiona kitu kizuri, mkono unaniwasha nikivunje. Nikilivunja ghala hili je?"

Akabonyeza, mkokoteni bado unashusha magunia, akaghairi, akatazama hesabu. Akakunja uso. Akarudia mara tano, sita, kumi. Magunia yakawa maelfu, yakawa malaki, kisha hesabu ikazidi uwezo wa mchezo, ikapinduka ikawa chini ya sifuri. Watu wangu mia tisa wakaanza kuanguka kwa njaa mmoja mmoja, na maghala yamejaa hadi paani. Mwisho kioo kikaganda.

"Mchezo huu umejaribiwa?" aliuliza.

"Ndiyo, mama," kaka alisema. "Mdogo wangu huyu ameujaribu miezi mitatu. Kila kosa analiandika." Akaweka daftari mezani.

Mama yule akalipekua ukurasa kwa ukurasa, kisha akanigeukia. "Binti, hili la ghala hujawahi kuliona?"

Kaka alinitazama. Hakuwa na wasiwasi na mimi hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Sijawahi," nikasema.

Mama wa miwani akalifunga daftari. "Kijana, kipaji unacho. Lakini ghala ndilo moyo wa mchezo wako, na hukujua kuwa ni bovu. Tutakujulisha."

Sote tulijua maana ya "tutakujulisha".

Nyumbani kaka hakuvua hata viatu. Aliwasha kompyuta alitafute kosa. Kumbe mchezo ulikuwa ukiweka kumbukumbu ya kila amri anayotoa mchezaji, na mimi sikulijua hilo! Nilisimama mlangoni nikaiona orodha ikiteremka kwenye kioo, ikateremka, ikateremka.

"Ghala limevunjwa mara mia mbili na kumi na mbili," akasoma polepole. Hakugeuka. "Ulijua."

"Kaka, mimi nilitaka tu..."

"Mara mia mbili na kumi na mbili, Meya."

Afadhali angenifokea. Alivuta kiti, akaanza kurekebisha. Nilitazama saa ya ukutani: ilimchukua dakika kumi na tano. Kumi na tano tu! Alipomaliza akajaribu kuufungua mji wangu, haukufunguka. Akazima kompyuta, akaenda kulala na jua bado linawaka.

Mama alipotoka zamu nilimweleza yote, pamoja na uongo wangu wa pale mezani. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkoba ukiwa bado begani.

"Kesho ukitoka shule tunakwenda ofisini kwao," alisema.

"Kufanya nini, mama? Nafasi si imeshapotea?"

"Nafasi labda. Na jina la kaka yako je? Watu wale wanamwona mzembe."

Kesho yake mama wa miwani alitupokea tukiwa tumesimama ukumbini. "Shikamoo," nilisema. "Jana nilidanganya. Kosa la ghala nililiona zamani, nikalificha kwa sababu sikutaka kuupoteza mji wangu. Kaka alikuwa hajui."

"Nafasi tumeshampa mwingine, jana hiyo hiyo jioni," alisema. "Na nikwambie ukweli: ilikuwa kati yake na kaka yako. Umefanya vizuri kuja. Wenzangu nitawaeleza kwamba hakuwa mzembe. Mwakani tukitangaza tena, mwambieni aombe."

Mwakani! Mwaka mzima wa saruji na kikohozi. Machozi yalinitoka pale pale ukumbini, na hakuna aliyenibembeleza.

Njiani mama akasema, "Kiwandani mimi sishoni hata kifungo. Kazi yangu ni kuuona ubovu na kuusema. Nikikuta mshono umefumuka nikanyamaza kwa sababu rangi ya shati imenipendeza, atakayefukuzwa ni fundi aliyelishona, si mimi. Yeye ametegemea macho yangu. Wewe nawe ulipewa kazi ya kusema, mwanangu. Ule wa mezani ulikuwa uongo wako wa pili. Wa kwanza ni siku ile ulipoamua kunyamaza."

"Kaka atanisamehe?"

"Kukusamehe ameshakusamehe. Leo asubuhi ameniomba nisikuchape." Akanishika mkono tuvuke barabara. "Kukuamini ndiyo kazi. Hilo siwezi kukuombea mimi. Utalitafuta mwenyewe, siku kwa siku, na litachukua muda kuliko unavyodhani."

Tulipita mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Kaka alikuwa juu ya lori, mfuko begani, kijivu cha vumbi kimemjaa mpaka kwenye kope. Alituona. Akampungia mama mkono, akaendelea kushusha.