Mtungi Usiosafishika kwa Moshi

Kila alfajiri, kabla ng'ombe hawajakamuliwa, Abdia alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu mwingine: kufukiza mitungi ya maziwa. Aliwasha kijiti, akauzima mwali, kisha akauinamisha mdomo wa mtungi juu ya moshi mpaka ukajaa ndani. Kazi hiyo alifundishwa na Bibi. Maziwa ya mtungi uliofukizwa vizuri hayachachi upesi, tena hunukia vizuri. Pale kijijini kwao, nje kidogo ya Garsen, wanawake walisema, "Huyu Abdia ana mkono," naye sifa hizo alizipenda mno!

Basi wiki moja mtungi mkubwa wa mama yake ulipasuka. Wiki hiyo hiyo, lori la mafuta lilishika moto kwenye barabara kuu. Gari la zimamoto likaja, likamwaga povu jeupe mpaka mtaro ukafurika. Moto ulizimika, ila kando ya barabara ilibaki mitungi ya buluu iliyokuwa na dawa ya povu. Bwana Jilo, afisa wa afya, alipita na kipaza sauti.

"Mitungi hii isiguswe! Nitakuja kuichukua. Na mifugo wasinyweshwe mtaroni!"

Abdia alisikia kwa masikio yake mawili. Lakini jamani, mitungi yenyewe ilikuwa migumu, mizuri, na vifuniko vyake vyekundu vilikazika barabara. Jioni, alipokuwa akirudisha mbuzi, aliuchukua mmoja.

Aliusugua kwa mchanga na jivu, akausuuza mpaka povu likaisha. Kisha akaufukiza, akaufukiza tena. Bibi aliwahi kuutoa mtungi harufu ya mafuta taa kwa moshi tu. Kama mafuta taa yalishindwa, povu ni kitu gani?

"Umeutoa wapi huu?" Mama aliuliza.

"Nimepewa na Abdishakur wa dukani," Abdia alijibu. Uongo ulimtoka laini kabisa.

"Mungu ambariki," Mama akasema kwa furaha. "Kesho ni zamu yetu kumpelekea maziwa Mama Laila."

Mama Laila alikuwa amejifungua. Desturi yao ni kwamba majirani humpelekea mzazi maziwa kwa zamu, apate nguvu na aweze kumnyonyesha mtoto. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata Mama aliujaza mtungi wa buluu, na Abdia akaenda shule akijisikia mtu mkubwa.

Kwenye paredi, Mwalimu Alice alimkaribisha Bwana Jilo.

"Watoto, mitungi kadhaa imepotea," afisa huyo alianza. "Nataka mjue kwa nini niliikataza. Povu lile lina kemikali zinazostahimili moto wa petroli. Moto umeshindwa nazo, jua haliziozeshi, na maji huzihamisha tu kutoka hapa kwenda kule. Hazionekani, hazinuki. Zikiingia mwilini hukaa miaka, zikijikusanya kidogo kidogo. Zinaweza kudhuru ini na kuudhoofisha mwili usipigane na magonjwa. Na mama akiwa nazo, humfikia hata mtoto anayenyonya."

Abdia aliinua mkono. "Je, mtu akifukiza mtungi?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Bwana Jilo hakucheka.

"Swali zuri. Moshi huua vijidudu vinavyochachisha maziwa. Kemikali hizi si vijidudu, hazina uhai wa kuuawa. Ufukize hata mwaka mzima, zitabaki pale pale."

Laila, aliyekuwa amesimama nyuma ya Abdia, akamnong'oneza, "Leo maziwa yetu yanatoka kwenu, sivyo? Mama anayasubiri kwa hamu."

 Abdia alitoka mstarini akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Alice. "Mwalimu, naomba ruhusa. Mtungi mmoja niliuchukua mimi. Una maziwa ya mamake Laila."

Alingoja kugombezwa. "Kimbia!" Mwalimu akasema. "Bwana Jilo na mimi tunakuja nyuma yako."

Abdia alikimbia, viatu mkononi. Alipofika, nyumba ilijaa wanawake. Mama Laila alikuwa ameketi, amempakata mtoto, na mama yake Abdia alikuwa anainamisha mtungi juu ya kikombe.

"Mama, usimimine!"

"Ala! Una wazimu? Kwa nini huko shule?"

"Mtungi huo ni wa wazimamoto. Niliutoa barabarani."

 "Na Abdishakur je?" Mama akauliza polepole.

"Hakunipa. Nilidanganya." Machozi yalimtoka Abdia. Aliona aibu mbele ya wanawake wale wale waliomsifu.

"Nusura nimpe mzazi sumu kwa mkono wangu!" Mama akasema, akauweka mtungi chini kwa hasira.

Jirani mmoja akapendekeza maziwa wapewe mbuzi. Bwana Jilo alikuwa ndiyo kwanza anaingia. "Hapana, mama. Mbuzi tunawala. Na tukiyamwaga nje, mvua itayapeleka mtoni. Nipeni mtungi pamoja na maziwa yake. Kuna aliyekunywa?"

"Hakuna," wakajibu.

"Alhamdulillahi. Mama Laila, endelea kumnyonyesha mtoto bila wasiwasi."

Hapo wanawake wawili wakainuka kimyakimya wakatoka. Waliporudi, kila mmoja alikuwa na mtungi wa buluu, bado haujatumiwa, chini ya leso. Kumbe! Hata Mama, pamoja na hasira zake, alicheka.

Bwana Jilo aliifunga mitungi yote kwenye gunia. "Kufukiza ni ujuzi mzuri," alisema. "Ila ujuzi una mpaka wake. Kitu usichokijua, uliza kabla ya kukitumia. Na ukikosea, sema mapema, kama alivyofanya binti huyu."

"Mapema?" Mama akadakia. "Mapema ilikuwa jana, Abdia, nilipokuuliza. Ungesema kweli jana, usingehitaji kukimbia leo. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Siku iliyofuata, Abdia alikwenda mwenyewe kwa Mama Laila, amebeba kibuyu cha Bibi. Nyumbani kwao walikunywa chai ya rangi ili maziwa yatoshe. Mlangoni alisita.

"Nani amefukiza?" Mama Laila akauliza.

"Ni mimi. Kibuyu ni cha Bibi, kimekuwa chake tangu zamani."

Mama Laila alimtazama kidogo, kisha akamnyooshea kikombe. "Basi mimina."

Abdia akamimina, na Mama Laila akanywa mpaka kikombe kikaisha.