Viza Iliyonifanya Yaya wa Mwanangu

Nina umri wa miaka sitini na saba, mjane, mzaliwa wa Mombasa. Nimesomesha Kurani miaka mingi, na sasa ninaishi Bur Dubai kwa mwanangu wa pekee, Twahir. Alhamdulillahi kwa yote. Haya nimeyanyamazia mwaka mzima… Leo sinyamazi tena!

Mwaka jana Twahir na mkewe, Nuru, walinikalisha sebuleni. "Mama, hii ni zawadi yako," akasema. "Tunakwenda Uhispania mpaka Ureno, kwa gari. Utaiona Andalusi kwa macho yako!"

Nililia kwa furaha. Ni mara ngapi niliwasimulia wanafunzi wangu habari za Kordoba na msikiti wake mkongwe, ambao sasa ni kanisa? Akaniletea fomu za viza, zote kwa Kiingereza. Mimi nasoma Kiarabu, Kiingereza sikijui. Nikatia sahihi kila alipoweka kidole. Nani humuuliza mwanawe wa kumzaa anatia sahihi nini?

Tulikodi gari Malaga. Nilikaa nyuma, katikati ya viti vya wajukuu wangu, Suleim wa miaka sita na Rahma wa mitatu, magoti yamenifika kidevuni. Milimani huyu anatapika, yule analia. Granada niliiona dirishani, nikimbadilisha Rahma nguo. Nikasema si kitu… ni wajukuu zangu.

Hotelini nililala chumba cha watoto, kwenye kitanda cha kukunja. Kila asubuhi Nuru alinipandishia mkate uliofungwa kwa karatasi ya kupangusia mikono. "Kule chini kumejaa, mama." Siku nne mfululizo kumejaa!

Siku ya tano tukaamkia Kordoba. Siku yangu! Nikavaa buibui jipya. Nuru akaniambia nibaki na watoto, eti jua kali na foleni ni ndefu. Nikawashika watoto mkono, nikashuka kuomba maji ya moto ya uji wa Rahma.

Mapokezi alikuwapo dada wa Kimoroko, tukazungumza Kiarabu. Akanionea huruma. "Mabosi wako wangekulipia japo kifungua kinywa, mama yangu."

"Mabosi gani?"

"Hawa uliokuja nao. Madam amekuandikisha kuwa wewe ni yaya."

Nikachungulia ukumbi wa chakula. Viti vitupu tele! Na mwanangu katikati yake, anakula mayai na mkewe.

Nikaenda mpaka mezani. "Twahir, mimi ni nani wako?"

Akababaika. Eti ni karatasi tu. Wakala aliwaambia nikiandikwa yaya viza itatoka upesi, kisha wakaona waendelee hivyo hivyo.

"Na ule mkate wa kwenye karatasi, nao aliuagiza wakala?"

Nuru akadakia, "Khalas, mama, watu wanatutazama! Si mbele ya watoto."

"Hapa hapa, mbele ya watoto!"

Nikampakatisha Nuru Rahma wake, nikamwachia na Suleim. Nilijua fika kwamba Twahir ndiye kafili wangu, mdhamini wangu Dubai. Akitaka, ukaazi wangu umekwisha. Lakini aniruzukuye si yeye! Nikaenda kwenye ule msikiti peke yangu, nikiuliza njia kwa ishara. Nikasimama chini ya yale matao mekundu na meupe, nikamshukuru Mola kimoyomoyo, machozi yakinitiririka.

Jioni tulifika Sevilla. Mlangoni pa hoteli Twahir akanifungulia gari. Nikamwambia, "Sishuki mpaka ukaseme mimi ni nani."

"Mama, yalla, magari yanapiga honi nyuma!"

"Yapige."

Rahma analia, Nuru anafoka, jasho linanitoka. Nikatoa tasbihi yangu, nikaanza kuvuta uradi. Nilikuwa na subira ya kufika alfajiri! Mwishowe Twahir akaingia ndani, akatoka na kijana wa mapokezi, akaninyooshea mkono. Kiingereza sikijui, wasomaji wenzangu, ila neno la mama nililisikia. Nikashuka.

Nimemsamehe. Nuru mpaka leo hunisalimia kwa ncha ya ulimi, nami huitikia salamu yake kamili.

Lakini nami nina langu la kukiri. Miaka yote pale Bur Dubai, wageni wa Nuru wakija, nilikuwa nikiwaletea chai, kisha narudi jikoni mwenyewe. Hakuna aliyenituma! Nilidhani huo ndio unyenyekevu. Kumbe unyenyekevu wangu ni wa Mola wangu… wale wageni waliona mtumishi tu, na mwanangu naye akazoea kuona hivyo.

Mama zangu mlio ughaibuni kwa watoto wenu, nawasihi kwa jina la Mwenyezi Mungu: msitie sahihi msichosomewa. Pikeni mkipenda, leeni wajukuu mkipenda, lakini wageni wakija, kaeni sebuleni! Nanyi vijana, mtajeni mama yenu mbele za watu kabla hajawalazimisha.

Jana walikuja wageni wa Nuru. Nilikaa kwenye kochi kubwa, Rahma mapajani pangu. Chai aliileta Twahir.